Wapishi wa kwanjula wangeweza kuzifundisha meli za kitalii kupika

Kila likizo inapokaribia, watu wa Uganda walioko Marekani, Uingereza na Kanada huulizana swali lilelile: meli ipi ina chakula kizuri? Mara nyingi anayeuliza anamleta mzazi kutoka Masaka au Arua na anataka kumtembeza baharini wiki moja. Majibu anayopata huwa sifa za bufee na za mikahawa ya kulipia. Mimi naona kinachostahili kupimwa ni ukumbi mkuu wa chakula. Huo umo ndani ya nauli, ndiko familia inakoketi pamoja kila jioni, na ndiko kampuni inakoonyesha kama inamheshimu abiria wa chumba cha bei ya chini. Nikiupima kwa kipimo cha nyumbani, kumbi nyingi zinashindwa na mama anayepikia wageni mia tano wa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, kule Mukono, kwa kuni na masufuria machache makubwa.

Sababu si viungo wala elimu ya mpishi, ni hesabu ya muda. Meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Hata kwenye meli ya wastani, ukumbi mkuu hulisha watu kwa mikupuo miwili, wa kwanza kuanzia saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili jioni, wa pili saa mbili usiku au baadaye kidogo. Katika kila mkupuo mamia ya watu huagiza ndani ya robo saa ileile. Hakuna jiko linaloweza kuchoma steki mia nne moja moja kwa wakati huo. Kwa hiyo nyama hupigwa moto juu juu mapema, hupangwa kwenye trei, humaliziwa kwenye oveni ya mvuke na joto, huwekwa kwenye sahani na kufunikwa. Mhudumu hupanga sahani kama kumi zilizofunikwa juu ya trei moja, huibeba begani na kutembea nayo hadi mezani.

Uharibifu hutokea chini ya kile kifuniko. Joto na mvuke havina pa kutokea, kwa hiyo chakula kinaendelea kuiva njiani. Steki uliyoagiza iwe nyekundu katikati inafika imekuwa ya kijivu. Samoni inakauka. Chochote cha kukaangwa kinalegea ngozi. Tambi zinavimba na kunywa mchuzi wake. Watu wanamlaumu mpishi, lakini kosa ni la aliyeandika menyu: amechagua vyakula vya mkahawa wa meza ishirini akavipeleka kwenye ukumbi wa watu elfu.

Sasa tazama luwombo, chakula cha Kiganda kinachopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilainike na kung'aa, kisha uti wake wa mgongoni huparwa kwa kisu taratibu. Ukipara kwa pupa jani linatoboka, na lililotoboka halifai tena, kwa sababu mchuzi wote utavuja ndani ya sufuria. Kuku au nyama huchomwa kidogo kwanza kwenye mkaa ili ipate harufu ya moshi na isitoe maji mengi. Jani hutandazwa ndani ya bakuli, nyama ikawekwa, mchuzi wa karanga ukamiminwa, pengine na uyoga au samaki mkavu, kisha kingo hukusanywa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria hupangwa vikonyo vya majani na maji kidogo, vifurushi vikasimama juu yake bila kugusa maji, vikafunikwa kwa majani mengine na kuachwa kwenye moto wa wastani saa mbili au tatu. Maji yakipungua huongezwa ya moto, kwa pembeni. Ukitia ya baridi mvuke unakatika, na nyama ya katikati inabaki ngumu.

Kila kifurushi ni sehemu ya mtu mmoja, kimefungwa, kina mchuzi wake, na kikikaa saa nzima zaidi hakiharibiki. Kinafunguliwa mbele ya mgeni kikiwa bado kinatoa moshi. Matooke nayo, yaani ndizi za kupika, baada ya kubonywa, hurudishwa kwenye majani na kuachwa juu ya moto mdogo, ikazidi kulainika kadiri wageni wanavyochelewa, na kwenye kwanjula wageni huchelewa kila mara. Huu ni upishi uliobuniwa kwa ajili ya umati. Meli zina oveni za mamilioni, lakini nyingi bado zinapigana na tatizo ambalo jani la mgomba limelimaliza.

Kwa macho hayo, kampuni zinatofautiana sana. Holland America naiweka juu miongoni mwa meli kubwa za bei ya kati, kwa sababu meli zake ni ndogo kuliko za washindani na samaki wake ni wa kuaminika. Celebrity iko karibu nayo. Katika meli zake za aina ya Edge ukumbi mkuu umegawanywa kuwa kumbi nne, Cosmopolitan, Tuscan, Cyprus na Normandie, na kila mmoja una vyakula vyake maalumu pamoja na vile vya pamoja. Mgawanyo huo unasaidia kweli: jiko linalolisha ukumbi mmoja mdogo halihitaji kufunika sahani kwa muda mrefu.

Royal Caribbean, dada mkubwa wa Celebrity, ilibadilisha menyu zake mwaka 2023, ikaweka usiku wa mada: Kiitaliano, Kifaransa, Kimeksiko na kadhalika. Hapo natofautiana na wanaosifu. Usiku wa mada unampunguzia mgeni chaguo. Asiyependa mada ya leo anabaki na orodha fupi ya kudumu. Usiku wa kambakoche ndio unaongojewa na wengi. Mkia wa kwanza ni bure na wa ziada hulipiwa, lakini kambakoche ni mfano kamili wa chakula kisichovumilia kifuniko: dakika tano za ziada na nyama inakuwa mpira. Anayeutaka aagize mkupuo unapoanza tu, asisubiri kumaliza supu na saladi.

Carnival inadharauliwa kuliko inavyostahili. Menyu yake ina mlo wa Kihindi usio na nyama, wenye wali, dengu na mboga, na huo kwa mtu wa kwetu ni salama kuliko steki yoyote. Keki yake ya chokoleti yenye moyo wa majimaji inafika ya moto kwa sababu huokwa ndani ya kikombe chake na kuliwa humo humo. Akili ni ileile ya luwombo. Tangu mwaka 2022 Carnival inatoza dola 5 kwa mlo mkuu wa tatu na kuendelea. Miwili ya kwanza ni bure, na miwili inatosha.

MSC ni ya Waitaliano, na mkate na tambi zake ni bora kuliko nyama zake. Lakini ukipanda Ulaya ujue kwamba maji ya kunywa mezani hununuliwa kwa chupa, jambo linalowakera wazee wetu kupita maelezo. Kwetu mgeni anawekewa maji kabla hajaulizwa habari za safari. Norwegian haina saa maalumu wala meza ya kudumu, unaingia unapotaka, na ndiyo maana foleni huwa ndefu kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu. Nenda kabla au baada. Princess iko katikati, haina kibaya kikubwa. Disney inazungusha familia kwenye kumbi tatu na wahudumu walewale wakiwafuata, mpango mzuri sana kwa watoto. Cunard inagawa abiria kwa tabaka: wa vyumba vya kawaida wanakula Britannia, wa vyumba vikubwa wanakula Princess Grill na Queens Grill. Chakula cha Britannia ni cha heshima, lakini mfumo huo sitaki kuusifu. Meli za baharini za Viking hubeba chini ya abiria 1,000 kila moja, watu wazima tupu, na divai na bia zimo ndani ya bei wakati wa chakula. Chakula chake kiko karibu na kile cha kupikiwa wewe mwenyewe, ila nauli yake si ya kila mtu.

Liko jambo lingine ambalo watu wa kwetu hulalamikia bila kulichambua, nalo ni njaa. Nyumbani, hata kwenye kibanda cha mchana Wandegeya, sahani huanza na matooke, wali, posho (ugali wa mahindi), viazi na malenge kwa pamoja, ndipo unaulizwa utakula na nini: nyama, maharage au binyebwa, mchuzi wa karanga. Nyama ndiyo msindikizaji. Melini nyama ndiyo sahani yenyewe, na viazi ni vijiko viwili pembeni kwa ajili ya rangi. Mzee aliyezoea sahani ya kwetu atamaliza kozi tatu na bado ataulizia chakula. Dawa ni rahisi. Mwombe mhudumu bakuli la wali mtupu kila jioni pamoja na mlo wenye mchuzi: mguu wa kondoo uliochemshwa taratibu, mbavu za ng'ombe za mchuzi, au kari. Hailipiwi, na kuanzia usiku wa pili italetwa bila kuombwa. Supu mbili si aibu. Vianzio viwili si aibu pia.

Kanuni yangu ya kuagiza ni moja: chagua kilichopikwa kwa maji, kwa mchuzi au kikiwa kipande kizima. Nyama ya mbavu inayookwa nzima na kukatwa vipande wakati wa kupakua hufika vizuri, kwa sababu pande kubwa linashika joto lake na katikati hapakauki. Ukitaka steki, iagize ikiwa mbichi hatua moja zaidi ya unavyoipenda, kifuniko kitamalizia. Samaki wa kukaanga waachie wale wa Ggaba, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, wanaotoka kwenye mafuta hadi mkononi mwako. Jikoni kwenye meli nyingi kuna wapishi Wahindi, na ukimwomba msimamizi wa ukumbi siku moja kabla, mara nyingi utapata kari ambayo haimo kwenye menyu, yenye pilipili za kweli. Tazama pia alama ya bei kando ya vyakula fulani: Carnival na Royal Caribbean zimeingiza steki za mkahawa wa kulipia ndani ya menyu ya ukumbi mkuu, na mgeni asiyesoma vizuri hushangaa bili.

Waislamu wa Bombo na Kibuli wanaouliza kuhusu halali: andika ombi mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, kisha ulirudie kwa msimamizi usiku wa kwanza. Usichukulie kwamba nyama yoyote ni halali kwa sababu tu mhudumu anatoka Indonesia. Ukikosa uhakika, kula samaki na ule mlo wa Kihindi wa mboga, lakini uliza kama sosi imetiwa divai.

Pamoja na yote niliyosema, meli zinatushinda pabaya kwenye usafi, na hili lazima tulikubali. Meli zinazotia nanga Marekani zikitoka nje hukaguliwa na mpango wa afya wa CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, bila kupewa taarifa, na alama 85 au chini yake kati ya 100 ni kufeli. Chakula cha moto lazima kikae nyuzi 57 au zaidi, cha baridi nyuzi 5 au chini. Kilichopikwa kikipozwa lazima kishuke kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Kwetu pilau ya sherehe huiva alfajiri na kuliwa jioni, imefunikwa ikiwa vuguvugu mchana kutwa, halafu kesho yake tunamlaumu mchawi. Luwombo kwenye mvuke ni salama kwa sababu haipoi. Wali hauna ulinzi huo, na ndio unaoangusha watu.

Kwa anayempeleka mzazi, basi: chagua Holland America au Celebrity mfuko ukiruhusu, Carnival usiporuhusu. Chukua mkupuo wa kwanza na meza ya kudumu, kwa sababu mhudumu wa kila siku hujifunza mapema kwamba mama anakula wali. Bakshishi ya takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku tayari imo kwenye hesabu ya kampuni nyingi, lakini mhudumu wa namna hiyo mwongezee mkononi usiku wa mwisho. Chakula kilichopikwa nyumbani hakiruhusiwi kupandishwa melini. Vilivyofungwa kiwandani kwa kawaida hupita, kwa hiyo kamulali, pilipili yetu kali, iwe ya kwenye chupa yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa.