Kromu ya njano ama hii isiyoonekana?

Juzi nilikuwa kwa hanga moja pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, fundi akanionyesha bamba la alumini limetolewa kwa mkia wa ndege inayoshinda Lamu na Ukunda, kando ya matundu ya riveti kumetoka unga mweupe ambao ukigusa unashika kidole. Hiyo ndio kutu ya alumini. Watu hudhani alumini haishiki kutu, na kweli alumini tupu hujivalisha ngozi yake yenyewe, lakini ya ndege huwa aloi kama 2024 yenye kopa karibu asilimia 4, inapata nguvu lakini hiyo kopa ikikutana na unyevu wa chumvi inaanza kumla mwenzake.

Dawa ya miaka yote ni Alodine ya njano, kemikali yenye kromu inayopakwa kwa alumini kuikinga na kutu. Unapiga msasa, unasafisha mpaka maji yakimwagwa yatandae bila kukatika, unapaka na brashi, dakika chache bamba linageuka rangi ya asali, unasuuza, likikauka unapiga praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Hiyo njano si rangi ya kupaka, ni kemikali imekula ngozi ya juu ya chuma ikaacha nyingine mahali pake. Na utamu wake ni huu: ukikwaruza kidogo, kromu iliyobaki pembeni inasogea na maji mpaka pale kwenye mkwaruzo na kupaziba. Sasa mtu akikwambia ameshapata kitu cha kushinda hiyo, lazima uwe na shaka kidogo.

Shida ni kwamba kromu iliyo kwa hiyo njano ni ya aina inayoitwa kromu sita, na kromu sita inaleta kansa ya mapafu, hilo halina mjadala tena. Marekani mwaka wa 2006 walishusha kiwango cha hewani kazini hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na Ulaya tangu Septemba 2017 huitumii bila kibali maalum. Abiria hapo hana neno. Anayeumia ni yule anayepiga msasa bamba la zamani bila maski, vumbi la njano limejaa kwa kope.

Mbadala ni kromu tatu, aina nyingine ya kromu, ndiyo ile isiyoonekana, ambayo jeshi la majini la Marekani ndilo liliisukuma sana, na wao ndege zao zinaishi juu ya chumvi. Ile spesifikesheni ya jeshi la Marekani ya mipako hii, MIL-DTL-5541, inazikubali zote, Type I ni ya sita na Type II haina sita kabisa, na mtihani ni ule ule, masaa 168 kwa ukungu wa chumvi. Kwa hivyo wanaosema tatu ni ya kuigiza tu wamechelewa.

Lakini mafundi nao hawalalamiki bure. Tatu nyingi haina rangi ya maana, labda kivuli cha buluu ukiinamisha bamba kwa mwanga, so inspekta anaangalia nini? Ya njano inajishtaki yenyewe, ukiacha doa unaliona. Halafu tatu haisamehi uchafu, ukisafisha nusunusu inakukataa, na kazi ya brashi ndani ya mbawa si sawa na tangi la kiwanda lenye joto linalopimwa. Na sita nayo ina vituko, kitambaa ulichofutia kikikauka bila kusuuzwa kinaweza kushika moto, wapya hawaambiwi.

Mimi niko upande wa tatu, mahali manual ya mtengenezaji inairuhusu, maana hakuna fundi wa kuamua hilo kichwani mwake. Pale imeandikwa sita tu, basi sita, na maski na glavu zinunuliwe kabla ya brashi, si baada ya mtu kukohoa mwezi mzima.

Yule fundi amejaribu tatu kwa kipande cha kutupa. Alizungushia tepu ya karatasi pale alipopaka, akaandika juu yake kwa kalamu saa aliyoanza na saa aliyosuuza, maana bila hiyo tepu hata yeye hangejua imeishia wapi.