Fleti Yangu, Siku Zao

Jamani, hebu nisaidieni hesabu. Mtu ana fleti Uhispania. Kainunua kwa pesa yake halali, hati ina jina lake, ufunguo uko mfukoni. Ila pasipoti yake si ya Umoja wa Ulaya na kibali cha ukaazi hana, kwa hiyo sheria ya Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya zilizofutiana ukaguzi wa mipakani, inamruhusu kuwa ndani ya ukanda huo siku 90 tu katika kila siku 180. Zikiisha, atoke. Fleti ibaki.

Hadi hapo sina neno. Kila nchi ina taratibu zake. Kinachonitoa machozi ni kwamba Uhispania wana kodi ya mapato kwa asiye mkaazi mwenye nyumba ambayo haipangishi. Mapato gani, ikiwa nyumba imefungwa na mapazia yameshushwa? Mapato ya kukadiria! Wanachukua thamani ya nyumba iliyo kwenye daftari la serikali, wanapiga asilimia 2 yake, au 1.1 kama thamani hiyo ilipitiwa upya miaka ya karibuni, kisha wanakwambia hiyo ndiyo faida uliyopata kwa kuwa na nyumba ambayo ungeweza kuitumia. Faida hiyo ya hewani inakatwa asilimia 24. Mkaazi wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anakatwa 19; bila shaka wao wanaota ndoto za bei nafuu. Fleti ikiandikwa euro 60,000, basi kwa mwaka mzima umestarehe kwa thamani ya euro 1,200, na kodi ya starehe ni euro 288. Fomu unaijaza mwenyewe. Yaani unakaa mezani, unajitangazia raha ambayo hukuipata, unatia saini kwamba ni kweli tupu.

Sasa unganisheni. Huyu anasema siku 90 zimekwisha, toka. Yule anasema lipa, kwa sababu ungeweza kuwemo. Ningewezaje na nyinyi wenyewe ndio mmenitoa? Nilimuuliza mhasibu, akanijibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa: "Bwana, hizo ni ofisi mbili tofauti."

Na siku zenyewe siku hizi hazina huruma. Enzi za mihuri, mhuri ukififia, askari wa mpakani anageuza pasipoti juu chini, anakuna kichwa, anakuonea imani. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuweka mitambo inayochukua alama za vidole na picha ya uso na kuhesabu siku yenyewe. Mtambo haukuni kichwa.

Shemeji yangu, ambaye anapanga chumba kimoja na bado ana ushauri kuhusu majumba ya dunia nzima, anasema kosa ni nchi. "Ungeenda Thailand." Shemeji, Thailand mgeni kwa kawaida hamiliki ardhi, anapewa fleti, na wageni wote kwa pamoja hawavuki asilimia 49 ya eneo la fleti za jengo. "Meksiko basi, ufukweni." Ufukweni kule, ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, nyumba ya mgeni inawekwa kwenye amana ya benki, yaani hati inashikwa na benki kwa niaba yake. "Kanada?" Kanada wamewapiga wageni wengi marufuku kununua nyumba za makazi tangu Januari 2023. Akanyamaza kidogo, akaomba nimrushie vocha.

Tena kulikuwa na njia Uhispania kwenyewe: ukinunua nyumba ya kuanzia euro 500,000, unapata ukaazi. Wameifuta tarehe 3 Aprili 2025. Si kwamba ilinihusu. Kwa bei ya fleti yangu ningepewa ukaazi wa sebuleni tu, jikoni niombe visa. Lakini inauma kufungiwa mlango hata kama hukuwa na nauli ya kuufikia. Mwezi Januari mwaka huohuo Waziri Mkuu Pedro Sánchez alitangaza anataka wasio wakaazi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya watozwe kodi ya hadi asilimia 100 ya bei ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeshanunua. Nilitembea kifua mbele siku nzima, hadi bili ya takataka ilipofika.

Kununua kwenyewe sitaki kukukumbuka sana. Kuna namba ya utambulisho ya wageni, inaanza na herufi X, Y au Z, na bila hiyo hununui chochote chenye mlango. Kuipata unahitaji miadi. Miadi iko mtandaoni. Mtandao unasema hakuna nafasi, jaribu baadaye. Kuna arubuni, mara nyingi asilimia 10 ya bei: ukighairi wewe, imekwenda, akighairi muuzaji, anakurudishia mara mbili. Nilimwombea sana yule mzee aghairi. Hakughairi. Kuna kodi ya uhamisho, asilimia 7 huku Andalusia, kusini mwa Uhispania. Halafu siku ya mwisho mnakaa kwa mthibitishaji wa umma, anasoma hati kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, mkalimani pembeni ananitafsiria kila aya kwa maneno mawili, "Ni kawaida." Kurasa nzima, ni kawaida. Ilipofika sehemu ya mimi kulipa, ndipo akatafsiri neno kwa neno.

Haya yote ningeyasamehe. Nisichosamehe ni uenyekiti.

Wenye fleti kwenye jengo moja wanaunda jumuiya, na jumuiya lazima iwe na mwenyekiti. Sheria yao ya mwaka 1960 inasema atoke miongoni mwa wenye fleti, kwa kura, au kwa zamu, au kwa bahati nasibu, na uteuzi ni wa lazima. Hutaki? Una mwezi mmoja wa kwenda kwa hakimu umweleze sababu. Mimi siku zangu zilikuwa zimekwisha, niko nje ya nchi, kikao kikakaa, zamu ikaangukia fleti yangu. Nikapata muhtasari kwa barua pepe: mwenyekiti mpya ni mimi, hongera nyingi. Kwenda kwa hakimu kunataka niingie nchini. Kuingia nchini kunataka siku. Siku sina.

Cheo hakina mshahara, hakina gari, hakina hata kiti, maana vikao vinafanyika kwenye ukumbi wa kuingilia na kila mtu amesimama. Ila kina bibi wa ghorofa ya tatu. Bibi huyu aliipata namba yangu ya simu, sijui kwa nani, na tangu hapo ananiita Mheshimiwa. Haandiki. Ananirekodia lifti. Nafungua ujumbe wa sauti, hakuna salamu, hakuna neno: krrr, krrr, tak, kimya, kisha krrr tena. Mwishoni anahema na kusema, "Umesikia?" Nimesikia, mama. Nipo kwenye foleni ya basi katika nchi nyingine, simu nimeibana sikioni, nasikiliza lifti, watu wananitazama wanadhani nimepokea habari ya msiba.

Fundi akaja, akasema lifti inataka mota mpya. Gharama inagawanywa kwa asilimia ya kila fleti katika jengo, si kwa mara ngapi mtu amepanda. Hapo niwaambie kitu ambacho nilikuwa nakificha: fleti yangu iko ghorofa ya chini. Nikifungua mlango nakanyaga barabara. Lifti ile sijawahi kuipanda, sina ninapokwenda nayo. Lakini mwenyekiti ndiye anayesaini barua za kuwadai watu mchango, kwa hiyo nikajiandikia na mimi.

Katikati ya hayo, jirani wa ghorofa ya pili akataka kupangisha kwa watalii. Sheria ya 2025 inataka kwanza akubaliwe na theluthi tatu kwa tano ya wenzake... mnaona, hata hesabu zimenivuruga, ni tatu ya tano. Wanaotaka wananipigia mimi, wasiotaka wananipigia mimi, na bibi ananirekodia mabegi ya magurudumu yanavyopita kwenye ngazi.

"Uza," anasema shemeji.

Haya, nimeulizia. Asiye mkaazi akiuza, mnunuzi anakata asilimia 3 ya bei palepale anaipeleka serikalini, isije ikawa nimetoroka na kodi. Faida nayo inatozwa asilimia 19. Manispaa ina kodi yake kwa ajili ya ardhi kupanda thamani. Sawa, nitalipa, nimeshazoea. Dalali ameleta mteja, mteja ameipenda, hapandi ngazi kwa sababu ya magoti, ghorofa ya chini ndiyo anayoitaka. Kilichobaki ni cheti kwamba mwenye fleti hadaiwi na jumuiya. Cheti anakiandika katibu, na lazima kipitishwe na mwenyekiti.

Katibu amenitumia rasimu jana. Nimepitia vitabu kwa makini, kama cheo kinavyonitaka. Mwenye fleti huyo bado anadaiwa mchango wa lifti. Nimerudisha karatasi bila saini, nikaagiza apelekewe barua kali.