Programu za kiwandani kwenye kompyuta mpya: ibaki ipi, iondoke ipi

Anayenunua kompyuta mpakato mpya katika maduka ya katikati ya jiji la Mwanza, iwe Barabara ya Kenyatta au Barabara ya Pamba, ni nadra kuifikisha nyumbani bila kupewa moja ya nasaha mbili. Ya kwanza hutoka kwa fundi aliyeketi pembeni ya muuzaji: mashine "ipigwe Windows" upya ili itokwe na takataka zote za kiwandani, iwekewe na Office humo humo, kwa pesa kidogo tu. Ya pili hutoka kwa ndugu na jamaa, kwamba kitu kipya hakichokonolewi, kwamba kila kilichomo kiwanda kimekiweka kwa sababu, na kwamba ukifuta chochote umejiharibia waranti. Sikubaliani na nasaha hata moja kati ya hizo, ingawa ya pili angalau haimgharimu mtu leseni yake ya Windows.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja. Programu iliyokuja na mashine inastahili kubaki ikiwa inafanya kazi ambayo Windows yenyewe haiwezi kuifanya, na kazi ya namna hiyo karibu kila mara inagusa chuma: betri, feni, vitufe maalumu, BIOS (programu ya ndani ya mashine inayoiamsha kabla ya Windows). Isiyogusa chuma, hata kama imebeba nembo ya kiwanda kwa ukubwa wa kiganja, ni ya kuondoka, kwa sababu ama kazi yake inafanywa tayari na Windows, ama haikuwekwa kwa manufaa ya mwenye mashine.

Hilo la mwisho lisemwe bila kuzunguka. Faida ya kuuza kompyuta moja ni ndogo, na kwa miaka mingi watengenezaji wameiongezea kwa malipo kutoka kwa kampuni za programu zinazotaka bidhaa zao za majaribio ziwe zimeshawekwa pale mteja anapofungua boksi. Washa mashine mpya ya bei ya kati, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na Windows. Utakuta kizuia virusi cha majaribio, programu ya makaribisho inayoomba jina na barua pepe, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ambayo muda wake wa bure una mwisho, na vipande viwili vitatu vyenye majina ya herufi na nambari ambavyo hata muuzaji hawezi kukueleza vinafanya nini. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 16 mzigo huo hausikiki sana. Kwenye ile ya GB 4 yenye hifadhi ya GB 64, ambayo ndiyo mzazi wa Igoma au Buzuruga anayoimudu kumnunulia mwanafunzi wake, unasikika tangu siku ya kwanza. Michezo na njia za mkato za kwenda kwenye maduka ya mtandaoni hazihitaji mjadala.

Kizuia virusi cha majaribio kinahitaji maneno machache zaidi, kwa kuwa ndicho watu wanachoogopa kukigusa. Kikiwapo, Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows hujiweka kando. Kikiondolewa, Defender hurudi kazini yenyewe bila kuitwa. Hakuna siku mashine inabaki uchi. Muda wa majaribio ukiisha, kinachobaki ni matangazo yanayokutisha katikati ya kazi ili ulipie kwa dola na kwa kadi ya benki, na mimi sioni sababu ya mtu wa kawaida kulipa. Kiondoe kupitia Mipangilio, uwashe mashine upya, na kikiacha mabaki, kampuni kubwa za bidhaa hizi zina zana zake za bure za kuyasafisha.

Sasa niende kwenye kile ambacho fundi wa kupiga Windows hukifuta bila kujua thamani yake, nacho ni programu ya kutunza betri. Betri ya lithiamu huchakaa upesi inapokaa muda mrefu ikiwa imejaa asilimia 100, na joto huzidisha uchakavu huo. Ukitaka kuona hali hiyo kwa macho, ingia steshenari yoyote karibu na chuo cha SAUT: kompyuta imechomekwa tangu asubuhi hadi jioni, imekaa juu ya kaunta kando ya mashine ya fotokopi inayopuliza hewa ya moto, na kiashiria cha betri hakijawahi kushuka chini ya asilimia 100 isipokuwa umeme unapokatika. Baada ya mwaka mmoja au miwili mwenye duka analalamika kwamba umeme ukikatika mashine inazimika papo hapo.

Windows yenyewe haina swichi ya jumla ya kusimamisha chaji kabla betri haijajaa; swichi hiyo huletwa na mtengenezaji. Lenovo wameiweka ndani ya Vantage, Asus ndani ya MyASUS ambako unaweza kuamuru chaji isimame kwenye asilimia 80, na Acer wanayo katika programu yao pia. Kwa Dell nyingi, na kwa HP nyingi za kiofisi, mpangilio huo umo ndani ya BIOS, na hapo kipimo changu kinaamua kinyume: ukishauweka mle ndani, programu ya betri juu ya Windows haina tena sababu ya kukaa. Ndiyo maana siandiki orodha ya majina ya kufuta na ya kuacha. Jina lile lile linaweza kuwa la lazima kwenye toleo moja la mashine na la bure kwenye toleo jingine la kampuni hiyo hiyo.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi, na lina mantiki. Katika mji ambao umeme unaweza kuondoka wakati wowote, nani anataka betri iliyosimama kwenye asilimia 80? Jibu langu ni kwamba swichi hiyo ni ya kuwasha na kuzima, na kuweza kuizima ndiyo sababu ya kuiacha programu yake. Siku za kazi za kawaida, mashine ikiwa mezani na waya ukiwa ukutani, chaji isimame pale pale kwenye 80, kwa sababu hata hiyo inatosha kumaliza barua na kuhifadhi mafaili umeme ukikatika. Ikisikika kwamba mtaa utakosa umeme kutwa nzima, au ukiwa unaondoka alfajiri na meli ya Nansio kwenda Ukerewe na una ripoti ya kuandika njiani, izime usiku wa kuamkia safari na betri ijae. Aliyepigwa Windows upya bila programu ya kiwanda hana uamuzi huo mkononi. Betri yake inajazwa kila siku, anapoihitaji na asipoihitaji.

Programu ya pili ninayoiacha, lakini kwa kuikaba, ni ile ya masasisho ya BIOS na draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine. Hapa wanaopenda kufuta kila kitu wana hoja nzito, nami naitaja kwa ukamilifu. Mwishoni mwa 2014 Lenovo waliuza kompyuta zenye programu iitwayo Superfish, iliyojipachika kati ya kivinjari na tovuti ili kupenyeza matangazo, na ili iweze kufanya hivyo ikaweka cheti chake cha usalama (hati ya kidijitali inayokihakikishia kivinjari kwamba tovuti ni halisi) ndani ya Windows, kikiwa na ufunguo wa siri ule ule kwenye kila mashine. Aliyeupata ufunguo huo angeweza kujifanya tovuti ya benki na kivinjari kisiseme kitu. Habari zilipotoka Februari 2015 Lenovo waliacha, na mwaka 2017 wakafikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani. Kabla 2015 haijaisha Dell nao walikutwa na cheti chao, eDellRoot, chenye kasoro ya aina ile ile. Mwaka 2016 watafiti wa Duo Security walizikagua programu za kusasisha za Acer, Asus, Dell, HP na Lenovo, na hakuna kampuni hata moja kati ya hizo tano iliyopita bila kukutwa na udhaifu. Kisha Machi 2019 kampuni ya usalama ya Kaspersky wakatangaza kwamba wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa masasisho wa Asus mwaka uliotangulia, wakasambaza programu hasidi iliyotiwa saini halali ya Asus yenyewe.

Mtu akisoma hayo atasema basi iondoke. Sifiki huko, na sababu ni BIOS. Matundu ya usalama yaliyomo kwenye BIOS hayazibwi kwa kufuta programu, yanazibwa kwa BIOS mpya, na ingawa Windows Update siku hizi huleta draiva nyingi na hata BIOS za baadhi ya mashine, si za zote. Wala draiva si mtakatifu: mwaka 2017 draiva ya sauti ya Conexant kwenye baadhi ya HP ilikutwa ikiandika kila herufi iliyobonyezwa kwenye faili la wazi, na kilichowaponya wenye mashine hizo ni sasisho.

Kwa hiyo naiacha, ila naizuia isiamke yenyewe. Naizima kwenye ile orodha ya programu zinazoamka na Windows, nakataa kila kisanduku kinachoomba kutuma taarifa za matumizi, nazima arifa za ofa, kisha naifungua kwa mkono wangu mara moja kwa kipindi, nikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi na si kwenye bando la simu. Bando ni jambo zito kuliko wanavyolichukulia waandishi wa maelekezo ya nje: sasisho moja la draiva ya picha linaweza kula mamia ya MB, na programu ikiachiwa ijiamulie, itajiamulia usiku ambao umewasha hotspoti ili utume faili moja tu. Mtandao wa simu uwekewe alama ya kupimwa (metered) kwenye Mipangilio ya Windows, ili mashine ijue kwamba bando lina kikomo, ingawa si kila programu ya kiwanda inaiheshimu alama hiyo.

Jambo moja kuhusu BIOS lisirukwe. Sasisho lake likikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena, ndiyo maana programu nyingi hukataa kuanza mpaka chaja iwe imechomekwa na betri iwe na kiasi fulani. Kwenye kompyuta mpya hilo halina shida, kwa kuwa umeme ukiondoka betri itaimaliza kazi. Kwenye kompyuta ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa waya tu, nasema wazi: usiiguse BIOS.

Nirudi kwa fundi, kwa sababu madhara ya kupiga Windows upya hayaishii kwenye betri. Tangu enzi za Windows 8, mashine inayouzwa na Windows halali huja na ufunguo wa leseni ndani ya BIOS, na umelipiwa ndani ya bei uliyoitoa. Fundi akiifuta na kuweka toleo la Pro lililofunguliwa kwa kivunja leseni, amekuondolea kitu halali ulichokilipia, kisha amekuachia programu isiyojulikana ilikotoka, yenye mamlaka ya juu kabisa ndani ya mashine na ambayo kwa kawaida hudai kizuia virusi kizimwe ili iweze kufanya kazi. Ni kuondoa takataka ya kiwanda na kuleta ya mtaani. Tena flashi za baadhi yao bado zina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Anayetaka kweli kuanza upya anaweza, kwa njia safi: apakue Windows kutoka Microsoft, aiweke kwenye flashi ya GB 8, aisakinishe toleo lile lile lililokuja na mashine, na leseni itajitambua kutoka kwenye BIOS bila kuulizwa nambari. Lakini kabla ya kufuta chochote ahifadhi draiva ya Wi-Fi kwenye flashi nyingine. Windows 11 hudai intaneti wakati wa kuanza, na mashine mpya mara nyingi haina draiva ya Wi-Fi kwa wakati huo, hivyo mtu anakwama kwenye ukurasa unaomtaka aunganishe mtandao usioonekana. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuwashiwa mgao wa intaneti kwa njia hiyo, mara nyingi humwokoa.

Vilivyobaki ni vidogo. Programu ya vitufe vya Fn naiacha, maana bila yake kitufe cha kunyamazisha maikrofoni kinaweza kuwa pambo. Ya sauti, kama Dolby, naizima kwanza nisikilize tofauti, na penye spika za meza naiondoa. Kwenye kompyuta nyembamba zenye spika dhaifu huwa naiacha, kwa kuwa bila yake hata taarifa ya habari inasikika kama inatokea ndani ya debe. Ukikosea ukaondoa iliyohitajika, ukurasa wa msaada wa mtengenezaji unayo, na unachotakiwa kuingiza ni nambari ya mashine iliyo kwenye stika ya chini. Hiyo hiyo ndiyo ya kuthibitishia waranti, wala kuondoa programu ya majaribio hakuigusi. Ipige picha leo, kwa sababu stika hizo hufutika upesi kwa mtu anayefanyia kazi mapajani.