Jiko la induksheni: angalia moto mdogo kwanza, wati baadaye

Boksi la jiko la induksheni huandikwa namba mbili kwa herufi kubwa: wati 2000 au 2200, na viwango 8 au 10 vya moto. Wanunuzi wengi huchagua kwa namba hizo, nami naona ndizo zenye msaada mdogo kuliko zote. Kuchemsha maji haraka, karibu kila jiko la aina hii linaweza. Jiko zuri na jiko bovu hutengana pale unapotaka mchuzi utokote kwa mbali saa nzima bila kushika chini. Kuhusu hilo boksi halisemi neno.

Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba iliyozungushwa kama mkeka wa duara. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na nguvu ya sumaku inayotokea huamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria. Sufuria yenyewe ndiyo inayozalisha joto. Kioo hupata moto kwa kukaliwa na sufuria tu.

Majiko mengi madogo ya kuweka juu ya meza yana transista moja kubwa inayowasha na kuzima koili. Transista hiyo hufanya kazi vizuri moto ukiwa mkubwa. Ukiishusha chini ya wati 800 hadi 1000 hivi, inaanza kujichoma yenyewe, kwa hiyo mtengenezaji anakwepa. Ukibonyeza kiwango cha wati 300, jiko linatoa wati 1000 kwa sekunde tatu, linanyamaza sekunde saba, kisha linaanza upya. Ukigawanya unapata 300 kweli, lakini chakula hakipikwi kwa hesabu ya wastani. Katika zile sekunde tatu kitako chembamba kinapanda joto ghafla na maziwa yanashika. Katika zile saba yanalala kimya kama hayajawahi kuwekwa jikoni. Viwango vitatu au vinne vya chini, kwenye majiko ya namna hiyo, ni moto uleule mmoja unaowaka na kuzimika kwa muda tofauti.

Kulijua jiko la namna hii si kazi. Chemsha lita moja ya maji, kisha shusha moto hadi kiwango cha pili kutoka chini na uinamie sufuria. Jiko zuri litakuonyesha mapovu madogo yanayopanda bila kukatika, kama shanga kwenye uzi. Jiko bovu litarusha mapovu makubwa kwa wingi, kisha maji yatatulia kabisa hadi uone kitako, kisha yatalipuka tena. Hesabu sekunde za ukimya. Zikiwa mbili au tatu, sufuria yenye kitako kinene itazifunika na hutaona tofauti kwenye chakula. Zikifika nane au kumi, tafuta jiko jingine. Sikiliza pia: mvumo wa koili utakuja na kukatika kwa mpigo uleule. Mwenye kifaa cha kupimia umeme cha kuchomeka ukutani ataona namba zikiruka kutoka sifuri hadi 1000 na kurudi.

Unaponunua bila kuliona jiko, uliza swali moja: wati za chini kabisa zinazotoka mfululizo, bila kukatika, ni ngapi? Muuzaji akijibu kwa kutaja idadi ya viwango, hajajibu.

Jambo la pili ambalo boksi huficha ni upana wa koili. Duara lililochorwa juu ya kioo ni pambo. Duara likiwa la sentimita 20 au zaidi, koili iliyo chini yake inaweza kuwa ya sentimita 12 hadi 15. Ukiweka kikaango cha sentimita 26 juu yake, katikati panaungua na pembeni pabichi, na hakuna kugeuzageuza kutakakoponya hilo. Mimina maji kwenye kikaango, kina cha nusu sentimita tu, weka moto wa kati, na utazame mapovu ya kwanza yanapotokea. Yatajipanga kwa umbo la pete. Pima pete hiyo kwa rula, huo ndio upana wa moto wako. Kwa kikaango cha sentimita 26 nisingekubali koili iliyo chini ya sentimita 18, na 21 ni bora.

Koili nyembamba haiharibu chakula peke yake, inaharibu hata chombo. Chuma cha katikati kinatanuka kwa joto wakati cha pembeni bado ni baridi, hakina pa kwenda, kinabenuka. Kikishabenuka kuelekea juu, kitako hakigusi kioo pale kwenye kihisi cha joto, na jiko linaanza kupika kwa kukisia. Ndiyo maana sufuria nyembamba haifai kuanzishwa kwa moto wa juu kabisa. Anza kwa moto wa kati dakika mbili, ndipo upandishe. Vikaango visivyonata vina hatari zaidi: utando wake haupaswi kupita nyuzi 260 za Selsiasi, na kikaango chembamba kitupu juu ya wati 2000 hufika huko kabla hujamaliza kukata kitunguu.

Kuhusu vyombo, ushauri wa kubeba sumaku ni sahihi lakini haujakamilika. Sumaku ikikataa kushika kitako, jiko nalo litakataa: alumini tupu, shaba, udongo na kioo havifanyi kazi, na stenlesi ya 18/10 isiyo na tabaka la chuma chenye sumaku haifanyi pia. Lakini sumaku ikishika kidogo tu, au ikishika katikati na kuteleza pembeni, ujue chuma ni kichache. Kuna sufuria za alumini zilizogandamizwa bamba la stenlesi lenye matundu mengi chini. Jiko huzikubali, ila huvuta wati chache kuliko ulizoagiza, kisha mtu analaumu jiko. Pitisha sumaku kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Pima pia kitako chenyewe, si mdomo wa sufuria, kwa sababu majiko mengi hayatambui kitako kilicho chini ya sentimita 12, na birika dogo la kahawa linaweza kukaa juu ya jiko siku nzima huku jiko likilia tu.

Zile sahani za chuma za kuweka kati ya jiko na sufuria isiyofaa, sizipendekezi kwa mtu yeyote. Joto linazaliwa ndani ya sahani, halafu linapita kwa kugusana kama kwenye jiko la zamani la umeme, lile la koili inayowaka nyekundu, basi faida yote ya kasi imekwenda. Zaidi ya hapo, sahani yenyewe inapata moto mkali mno dhidi ya kioo, na jiko hujizima likiogopa. Fedha ya sahani iongezee kwenye sufuria moja nzuri yenye kitako cha milimita 4 hadi 6.

Sasa umeme. Wati 2000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 8.7, mfululizo, pengine kwa saa nzima. Soketi nzima inabeba, lakini waya mwembamba wa kurefushia umeme haubebi, hasa ukiwa umekunjwa. Baada ya kupika dakika 20 kwa moto mkubwa, zima, chomoa plagi na uishike kwa mkono. Uvuguvugu si tatizo. Ikikuunguza au ikinuka plastiki, mguso ndani ya soketi umelegea, na fundi umeme aitwe kabla ya mlo unaofuata. Kwenye nyumba za volti 120, majiko ya plagi huishia wati 1800, ambazo ni ampea 15 kamili, kwa hiyo soketi hiyo isichangiwe na kitu kingine.

Jiko la kujengea mezani lenye sehemu nne ni habari nyingine. Kwa kawaida linahitaji kilowati 7.2 hadi 7.4, yaani ampea 32 kwenye volti 230, na laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Muite fundi apime laini kabla hujakata tundu kwenye meza ya jikoni. Kama nyumba haiwezi, tafuta modeli inayoruhusu kuwekewa kikomo cha nguvu wakati wa kufunga. Itapika polepole zaidi sufuria zikiwa nyingi, lakini haitaangusha swichi kuu.

Na hizo sehemu nne si majiko manne. Mara nyingi mbili za upande mmoja hugawana mtambo mmoja wa kilowati 3.7 hivi. Ukibonyeza moto wa ziada kwenye moja, jirani yake inapunguziwa bila kuulizwa, na unashangaa kwa nini sufuria ya pili imeacha kuchemka. Dawa yake ni mpangilio: sufuria kubwa mbili ziweke pande tofauti, moja kushoto na nyingine kulia. Kabla ya kununua, fungua mwongozo na uone ni sehemu zipi zimeunganishwa.

Wanaotumia umeme wa jua au jenereta warudi kwenye kile nilichosema kuhusu moto mdogo. Jiko lililowekwa wati 300 kwa mtindo wa kuwaka na kuzimika bado linavuta wati 1000 kila linapoamka. Inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inapigwa na kilele, wala haijali wastani. Ichaguliwe kwa wati za juu kabisa za jiko pamoja na akiba ya kutosha, na iwe ya mawimbi safi (pure sine wave), la sivyo jiko litalalamika kwa mlio au litakataa kuwaka.

Feni ndiyo uhai wa chombo hiki, na inasahauliwa kwa sababu iko chini. Inavuta hewa kwenye matundu ya tumboni na kuitoa nyuma au ubavuni. Jiko likikalia kitambaa au gazeti, matundu yanaziba. Likisukumwa hadi ukutani, hewa ya moto inarudi ndani. Acha sentimita 10 nyuma na pembeni. Ukimaliza kupika, zima kwa kitufe na uiache feni iendelee hadi inyamaze yenyewe, ndipo uzime ukutani. Anayezima ukutani mara moja anaifungia transista ndani ya joto lake, na hiyo transista, pamoja na daraja la kunyoosha umeme (kipande kinachoufanya umeme wa ukutani uende mwelekeo mmoja) lililo jirani yake, ndivyo huungua kwanza. Kila mwezi geuza jiko na usugue matundu kwa brashi kavu, maana mvuke wa mafuta hunaswa pale na kugeuka utando unaoshika vumbi. Mende nao hupenda joto la ndani, na mmoja akikatiza juu ya saketi anatosha kulizima jiko.

Tumezungumza moto, vitufe navyo vina uzito wake. Fikiria maziwa yanayoanza kuumuka. Una sekunde nne. Kwenye jiko lenye alama ya kutoa na ya kujumlisha, kutoka kiwango cha 8 hadi cha 1 ni kugusa mara saba, kwa kidole ambacho huenda kina maji, juu ya kioo kisichotambua kidole chenye maji. Kwenye jiko lenye kirungu cha kuzungusha, ni mzungusho mmoja wa kiganja. Nachagua kirungu kila mara. Kikikosekana, chukua lenye mstari wa kutelezesha kidole, au angalau kitufe kinachoruka moja kwa moja hadi moto mdogo. Na kioo cha kugusa kikimwagikiwa hujizima chenyewe, wakati mwingine katikati ya pishi.

Namba za nyuzi joto zinazoonyeshwa, 180 au 200, zichukuliwe kwa tahadhari. Kihisi kiko chini ya kioo, katikati ya koili. Kinapima kioo, kwa hiyo habari hukifikia ikiwa imechelewa. Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa makali kuliko namba inavyosema, na kipimajoto cha kutumbukiza ndicho cha kuaminiwa.

Kwa anayehamia huku kwa ajili ya bili, hesabu iko hivi. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji uniti 0.093 za umeme. Induksheni, ambayo hupeleka karibu asilimia 85 ya umeme kwenye chakula, hutumia kama 0.11. Jiko la umeme la koili halipo mbali sana, hupeleka 70 na kitu, basi anayetoka huko asitarajie bili kukatwa nusu. Gesi hupoteza zaidi ya nusu ya moto wake pembeni mwa sufuria, lakini kama utaokoa fedha kunategemea bei ya gesi na ya umeme unakoishi.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amuulize daktari wake kwanza. Ushauri wa kawaida ni kukaa sentimita 60 kutoka kwenye jiko linalowaka. Na kioo kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, lizime ukutani na usilipikie tena: kinachomwagika hupita kwenye ufa hadi kwenye koili yenye umeme.

Jaribio la mapovu na lile la pete lifanye siku ileile jiko linapofika nyumbani, kabla hujalimwagia mafuta, boksi na risiti vikiwa bado mezani.