Urahisi unapimwa kuanzia wapi?

Uniti za umeme zimeisha saa tatu usiku. Unanunua LUKU kwa simu, na hujamaliza kulalamika ujumbe umeshaingia. Kwa mtandao wa simu kazi imekwisha: muamala umefanikiwa, tena haraka. Wewe bado uko gizani. Zimebaki namba 20 za kuingiza kwenye mita. Mtoto anamulika tochi, mmoja anasoma nne nne, mwingine anabonyeza. Ikikosewa moja, mita inakataa. Sasa huduma hiyo ni rahisi? Inategemea saa ya kupimia imewashwa lini na imezimwa lini.

Wapimaji wana zana zao. Mwaka 1986 John Brooke alitunga kauli 10 ambazo mtumiaji wa mfumo huzikubali au kuzikataa kwa daraja la 1 hadi 5, kisha hupatikana alama ya urahisi kati ya 0 na 100. Mwaka 2010 Matthew Dixon na wenzake waliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba mteja hashikwi na mbwembwe za kumfurahisha, anashikwa na kutosumbuliwa. Swali lao lilikuwa moja: umelazimika kujisumbua kiasi gani? Naliheshimu swali hilo. Halina gharama kubwa, na ukiliuliza kila mwezi utaona penye kukwama.

Kasoro yake ni anayejibu. Aliyekata tamaa akaondoka kwenye foleni haulizwi. Na sisi huku, dada wa kaunta akikuuliza huku bosi wake anasikiliza, utasema "nzuri tu". Hukuja kumharibia mtu kazi.

Ndiyo maana wengine huachana na maoni wakahesabu hatua na dakika. Hesabu haina haya, ila nayo ina upofu wake. Ukituma pesa kwa simu, mitandao mingi hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Kwa anayehesabu hatua tu, hiyo ni ya kufutwa. Aliyewahi kutuma kodi ya nyumba kwenye namba ya mtu asiyemjua hatakubali ifutwe. Mimi ningehesabu hatua, lakini pembeni yake ningeandika makosa mangapi yametokea na kila moja lilichukua siku ngapi kurekebishwa.

Halafu ningemtuma mpimaji akakae nusu saa kwenye kibanda cha wakala. Pale kuna karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa kalamu: chagua 4, kisha 3, kisha weka namba ya kumbukumbu. Anafika mama mmoja, anamkabidhi kijana simu yake, "nisaidie mwanangu", na namba ya siri anaitaja kwa sauti, watu watatu wakiwa nyuma yake. Ujumbe unaingia, mama anaondoka anashukuru. Kwenye takwimu za siku hiyo atahesabiwa kuwa ametumia huduma mwenyewe, bila tatizo lolote.