Mwongozo wa mgongo na magoti tuuandike wenyewe

Nafanya fiziotherapia huku Leeds, na kabla ya hapo nilifanya kazi Moshi. Kama kuna kitu kimoja cha Uingereza ningependa kifike Tanzania, ni namna wanavyoandika miongozo ya matibabu.

Chukua maumivu ya kiuno. Mwongozo wa Novemba 2016 wa NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya matibabu huko Uingereza, unamtaka daktari wa kawaida asikimbilie eksirei wala picha ya MRI, asitoe parasetamo peke yake, asimfunge mgonjwa mkanda. Amweleze hali yake, amhimize mazoezi na shughuli zake. Ule wa 2009 ulikuwa umekubali akupancha, tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba ngozini. Ushahidi ulipopitiwa upya, ikaondolewa. Kwenye kamati inayoandika mwongozo wamo wataalamu pamoja na raia wa kawaida. Wajumbe hutaja maslahi yao, rasimu hutolewa hadharani ipingwe, na majibu ya hoja huchapishwa. Hapo ndipo ninapowaonea wivu.

Kwetu wagonjwa wengi niliowapokea walikuwa wameshachomwa sindano, wamepigwa picha na kuambiwa "pingili zimesagika". Kauli hiyo humwingia mtu moyoni. Anaacha jembe, anaogopa kuinama, mgongo unazidi kukakamaa. Hajaambiwa kwamba hata wasioumwa popote, umri ukisogea, picha zao huonyesha diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa.

Lakini tusinakili. Kifua kikuu cha mgongo kwetu kipo: maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yakae juu kabisa kwenye mwongozo wetu, na hapo picha isicheleweshwe. Mwenye ganzi sehemu za siri au mkojo uliogoma apewe rufaa siku hiyohiyo. Na goti la kwetu lina kazi zake: choo cha kuchuchumaa, sijida katika sala tano, kupanda mlima na ndoo kichwani. Mazoezi yasiyomwandaa mama kwa hayo yatamfaa nini?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, kwa hiyo ushahidi mwingi umeshachambuliwa. Tunachohitaji ni watu wa kuufanya uwe wetu: tabibu wa zahanati anayemwona mgonjwa kwanza, mkulima wa kahawa wa Rombo, mama lishe anayesimama tangu alfajiri. Wizara iwaite. Rasimu iandikwe kwa Kiswahili na isomwe na wagonjwa wenyewe kabla haijapitishwa.