Twiga wa Mtwara

"Vinyago vya siku hizi ni kuigana tu." Kauli hii nimeisikia sana Mtwara mjini, na anayeisema huwa ana ushahidi mezani: twiga kumi, kimo kimoja, shingo moja, macho yaleyale. Mpindue mmoja miguu juu, utaona mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu ufanane na mpingo. Hapo simbishii.

Lakini fundi wa kweli naye kajifunza kwa kuiga. Kijana anakaa karibu na mjomba wake, anapewa kipande cha sehemu nyeupe ya mpingo, kwa sababu kiini cheusi ni ghali mno kuharibiwa na mwanafunzi. Haelezwi mengi. Anatazama tezo inavyoshuka, anakosea, anatazama tena. Wahenga walisema mtoto wa mhunzi asiposana huvukuta. Aristotle naye, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba binadamu anawapita wanyama wote kwa kuiga, na kwamba masomo yake ya kwanza huanzia hapo. Hata lugha tuliipata hivyo. Hakuna mama aliyetufundisha ngeli.

Msanii George Lilanga, mzaliwa wa Masasi, hakuzua mashetani, zile sura za ajabu za mizimu. Aliyakuta kwa wachongaji, akayahamishia kwenye picha za rangi kali, yakawa yake. Edward Saidi Tingatinga, wa jirani zetu Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na kufariki 1972. Ndugu na wanafunzi wake wasingemwiga, leo jina lake lisingekuwa jina la mtindo mzima.

Basi kinachonisumbua kwa wale twiga ni kingine. Twiga hawaishi huku kwetu, kusini mwa mto Rufiji. Anayewachonga huku huenda hajamwona hata mmoja. Alichokiiga ni hamu ya mgeni, na mgeni naye kamtaka twiga kwa kuwa mwenzake alirudi naye nyumbani. Mwanafikra Mfaransa René Girard (1923–2015) alishikilia kwamba mtu hutamani kile anachoona mwingine anakitamani. Sisi wa korosho hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha: malipo ya mnada yakiingia, jirani akinunua pikipiki, baada ya wiki mtaa mzima unanguruma. Ila mtaa huohuo uliwahi kuigana kuezeka bati na kupeleka mabinti sekondari, kwa hiyo siwezi kuilaani hamu ya kuazima. Namwogopea mchongaji tu, kwa sababu yeye akiazima hamu ya mtu asiyemjua, mkono aliourithi kwa mjomba unakosa kazi.

Nilimwuliza fundi mmoja angechonga nini kama kusingekuwa na oda. Alinyamaza, akaingia ndani, akarudi na kinyago cha mama mwenye ndonya mdomoni, mpingo mtupu, bado hajapigwa msasa, kidole gumba cha mtoto kimezama kwenye bega lake.

"Huyu bado hajaulizwa bei," akasema, akamfunika tena na gunia.